Safiyo, Kikumbusho na Bata Maji Kumi na Wawili

Safiyo binti Abdinoor, mtoto wa kaka yangu, hupoteza ndara zake mara mbili kwa siku. Miwani yake tumewahi kuikuta ndani ya debe la sukari. Alipokuwa msichana alitumwa sokoni na mkokoteni wa punda, akarudi kwa miguu, vitunguu mkononi. Punda alikuwa amekwisha kufika peke yake, na siku hiyo alipokewa kwa heshima kuliko yeye.

Mtu huyo ndiye aliyeunda kitu cha kukumbuka. Mimi sikushangaa. Anayechechemea ndiye ajuaye fimbo nzuri.

Nataka nieleze habari zake kwa utaratibu, maana hapa Garissa zinaelezwa ovyo. Wapo wanaosema alifuga bata. Wapo wanaosema aliwafundisha watoto kula bata, na mzee mmoja pale soko la mifugo aliapa kwamba bata wenyewe waliletwa na punda. Safiyo hakufuga bata, na mpaka leo hajamgusa bata. Mimi nilikuwepo, na mimi sisahau.

Alizaliwa Sangailu, mwaka wa ile mvua kubwa ya El Nino, maji yamezunguka nyumba zetu pande zote na mkunga hana njia ya kupita. Kitovu nilimkata mimi. Baba yake, kaka yangu Abdinoor, alikuwa na ngamia wakati huo, kabla hajahamia mjini na kuwa dalali. Kundi liliongozwa na jike mmoja mweupe tuliyemwita Adey. Adey alikuwa na tabia moja: ukimfungua asubuhi, alielekea alikopita jana, na jana alikuwa ameelekea alikopita juzi. Wachungaji walimpenda kwa hilo. Waliweza kutembea nyuma yake wakisimuliana hadithi.

Kisha mwaka mmoja, Safiyo ana miaka minane, kisima cha zamani kikakauka. Kisima kingine kilikuwa upande wa pili, maji tele. Adey hakutaka kujua. Siku tatu mfululizo alilipeleka kundi zima kwenye kisima kikavu. Vijana wakachukua fimbo wampige. Kaka yangu akawazuia. "Mwacheni anuse mwenyewe," alisema.

Wakamwacha. Adey akaingiza pua ndani ya birika tupu la kunyweshea, akasimama hapo muda mrefu, akanusa kona zote. Halafu akageuka, na hakukirudia kisima kile tena maishani mwake. Safiyo alikuwa amesimama karibu na goti lake akitazama. Jioni alinieleza mambo yote isipokuwa mahali alipoacha kiatu chake cha kushoto.

Haya. Mtoto akakua, akasoma, akaenda chuo kikuu Nairobi kusomea kompyuta. Kaka yangu aliuza madume wawili kwa ajili hiyo na akawa anawaambia watu wote sokoni kwamba binti yake atarudi na ofisi. Alirudi na begi. Akaomba kile chumba kilicho nyuma ya chuo cha Kurani hapa mtaani kwetu, akaazimwa tableti kumi na mbili na shirika moja, akakusanya wasichana kumi na wawili wa shule ya msingi, akaanza kuwafundisha Jumamosi na Jumapili. Wazazi walitaka mtu mzima awepo. Nikawekewa kiti mlangoni. Na kwa kuwa wasichana walikuwa wanaandika kazi zao kwa Kiswahili, nikawa pia ndiye wa kuulizwa Kiswahili, maana nina cheti cha darasa la saba, cha wakati ambapo darasa la saba lilikuwa na uzito.

Nieleze kazi yenyewe. Zamani, alisema Safiyo, mtu akitaka kompyuta ifanye jambo alikuwa lazima aandike maneno mengi magumu. Siku hizi kuna vipande vya rangi, kama matofali, na kila kipande kina amri yake: tembea, geuka, ngoja, sema. Unakivuta kipande kwa kidole, unakipachika chini ya kingine, mpaka vimekuwa ukuta. Ukibonyeza, ngamia wa kwenye kioo anatembea. Ukikosea, anatembea kinyumenyume. Kipande kisipokuwepo, unajitungia chako na kukipa jina.

Shida ilikuwa wingi wa vipande. Vilikuwa mamia, vimefichwa kwenye mafungu, na msichana alikuwa anakitafuta kipande kimoja mpaka anasahau alikuwa anakitakia nini. Safiyo aliijua shida hiyo kwa undani. Kwa hiyo akatengeneza programu-jalizi, yaani programu ndogo inayopachikwa juu ya ile kubwa, na wasichana wakaiita Kikumbusho. Kikumbusho kilikaa pembeni ya kioo kikitazama. Ukiweka kipande cha "tembea", kilikumbuka siku zilizopita wewe na wenzako mliweka nini baada ya "tembea", kikakuletea vipande vitatu, kile kilichotumika sana kikiwa juu. Unachagua kimoja, unaendelea.

Niliposikia maelezo hayo nilisema, huyo mbona ni mume wangu. Ogle, ukimwekea chai, anauliza kama ina tangawizi, kisha anauliza nani amekufa, kisha anauliza funguo ziko wapi, kwa mpangilio huo, miaka arobaini na sita. Tofauti ni kwamba Ogle halipi nafasi jibu jingine.

Kaka yangu alikuja siku moja kutazama. Alisimama nyuma ya wasichana mikono imefungwa mgongoni, kama anapima mbuzi. Akauliza kitu hicho kinauzwa kwa kilo au kwa kichwa. Safiyo akamwambia baba yake, "Aabo, hiki ni Adey." Kaka yangu alikitazama tena, akaondoka, na kuanzia siku hiyo hakutaja ofisi.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Wasichana walipewa kazi ya kutunga mchezo. Wote, bila kuambiana, walitunga mchezo mmoja: mnyama anatembea, anatembea, anafika kwenye birika, anapata maji. Kipande cha kutembea kilikuwepo. Cha kupata maji hakikuwepo, kikatungwa. Kilitungwa na Hamdi, msichana wa darasa la tano, mwenye akili kuliko wote na maswali kuliko akili. Alikipa jina, akakitumia. Jumapili yake Ilhan, anayekaa karibu naye, aliweka "tembea", na Kikumbusho kikamletea kipande cha Hamdi. Akakichukua. Kisha wa tatu, wa nne. Kadiri kilivyochukuliwa ndivyo kilivyopanda juu, na kadiri kilivyopanda ndivyo kilivyochukuliwa. Baada ya wiki tatu hakuna tableti ambayo ungeweka "tembea" isikuletee kipande hicho kwanza kabisa, rangi ya machungwa, kimeandikwa: BATA MAJI.

Hakuna aliyeona kosa. Nitawaambia sababu. Kisomali hakina p. Mungu alipogawa herufi hatukuiomba, na hatukuihitaji mpaka zilipotujia pilipili na polisi, tukazijua zote mbili kwa maumivu, tukaziita bilibili na bolisi. Kwa hiyo wasichana walisoma "bata" na moyoni wakasikia "pata". Safiyo naye hivyo hivyo, pamoja na chuo kikuu chake. Mimi niliipata p shuleni. Mwalimu wetu alitushikia karatasi mbele ya mdomo: ukisema p ya kweli karatasi inatikisika, ukisema b inalala. Nilitoka darasa la saba na cheti na p. Tulikuwa wasichana watatu tu mwaka ule, na wenzangu wawili wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo hakuna wa kunibishia. Lakini kutoka mlangoni, kwa macho yangu haya, maandishi ya kwenye kioo ni mchwa.

Likaja lile shirika. Walisema mkaguzi atakuja Jumamosi asubuhi. Akiridhika, tableti zitabaki kwetu miaka miwili. Asiporidhika, zitaingia kwenye gari lake siku hiyo hiyo na kupelekwa Dagahaley, kule kambini, ambako kulikuwa na darasa lingine linazingoja. Safiyo hakulala vizuri wiki nzima. Aliwafundisha wasichana kufuta vioo, akawafundisha kusalimia, akapoteza ufunguo wa chumba mara mbili.

Mkaguzi alikuwa mama kutoka Mombasa, buibui safi, Kiswahili kimenyooka kama uzi wa fundi cherehani. Nilimpenda. Nikajisemea, leo nimepata wa kuongea naye.

Alikaa na Ilhan kwanza. Ilhan akaweka "tembea", Kikumbusho kikaleta BATA MAJI, akakipachika, ngamia akatembea mpaka kwenye birika. Mkaguzi alitabasamu. Akahamia tableti ya pili: mbuzi anatembea, bata maji. Ya tatu: punda anatembea, bata maji. Alipofika ya sita alikuwa ameacha kutabasamu. Alizipitia zote kumi na mbili, kisha akarudi kwa Hamdi, akamuuliza kwa upole:

"Mna bata maji hapa?"

Sisi tuliokuwa mle ndani tulisikia: mnapata maji hapa? Swali zuri. Mgeni yeyote anayefika Garissa huliuliza.

"Ndiyo, mwalimu," alisema Hamdi. "Kila siku."

"Kila siku?"

"Wakati wa ukame, siku moja moja."

Mkaguzi akaandika. Akauliza wanatoka wapi. Hamdi alimsamehe kosa dogo la sarufi, akasema mtoni, punda ndio wanaleta.

"Punda wanaleta?"

"Kwa mitungi. Mtungi ukijaa sana unamwagika njiani."

Mkaguzi aliinua macho akatutazama sote, mmoja mmoja. Wasichana kumi na wawili wakatikisa vichwa kwamba ni kweli, unamwagika.

"Na nyumbani mnafanya nini?"

"Mama anachemsha, halafu tunakunywa. Wengine hawachemshi," Hamdi akaongeza, maana alikuwa amefundishwa afya. "Wanaumwa tumbo."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Alimwita Safiyo pembeni, lakini chumba kile hakina pembeni, tukasikia yote. Alisema hajapata kuona jambo kama hili. Watoto kumi na wawili, kazi moja, na ndani yake ndege ambaye haonekani kwenye mchezo wala hana kazi yoyote. Alisema ameuliza maswali akajibiwa ndoto. Kisha akasema neno lililoniuma, kwa sababu lilisemwa kwa huruma.

"Mwalimu, hiki chombo chako hakiwakumbushi watoto. Kinawazoeza kunakili. Nasikitika, lakini tableti nitaondoka nazo."

 Wasichana walianza kuzing'oa chaja ukutani, taratibu, kama watu wanaokunja mkeka wa matanga. Hamdi alikuwa ameiweka tableti kifuani na hakuwa anakusudia kuitoa.

Hapo nikasimama. Mazungumzo yale nilikuwa nimeyasikia neno kwa neno, na mpaka wakati huo sikuona kasoro yoyote ndani yake: maswali yalikuwa ya maana, majibu yalikuwa ya kweli. Nilichoona ni mgeni amekasirikia maji.

"Dada," nilimwambia, "maji yamekukosea nini?"

"Maji gani, bibi?"

"Hayo ya watoto. Wamekuambia wanabata, wewe unakasirika. Ulitaka wakose?"

Alinitazama. Akaitazama tableti ya Hamdi. Akanitazama tena, na nikaona kitu kinapita usoni mwake kama upepo kwenye pazia. Alikwenda ubaoni, akaandika maneno mawili makubwa ya kuonekana hata na mimi: BATA, na chini yake PATA. Karibu na la kwanza akachora ndege mnene mwenye mdomo bapa.

Wasichana walitazama neno la kwanza, wakatazama la pili. Kisha Ilhan akasema polepole, "Tumemwambia mgeni tunakunywa huyo." Na hapo ndipo kulipoharibika. Wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Mkaguzi alishika ukuta. Hamdi peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama yule ndege, akauliza kama ni korongo, maana Garissa ndege wakubwa tunaowajua ni korongo wanaokaa juu ya miti karibu na machinjio, na hao hata mwenye njaa hawezi kuwanywa.

Nilidhani mambo yamekwisha. Hayakwisha. Mkaguzi alipofuta machozi alisema kosa la herufi analisamehe, hata Mombasa wana yao. Lakini shaka yake kuhusu chombo imebaki, tena imeongezeka: mtoto mmoja amekosea mara moja, na chombo kimelipeleka kosa kwa watoto kumi na wawili. Safiyo akasema atasahihisha. Akatunga kipande kipya, PATA MAJI, p yake imesimama vizuri. Akaweka "tembea". Kikumbusho kikaleta BATA MAJI. Akakikataa, akatumia kipya, akaanza upya, akaweka "tembea". BATA MAJI. Kilikuwa kimetumika mara mia mbili na kumi na nne, na cha haki kilikuwa kimetumika mara moja.

"Kinashikilia," alisema mkaguzi.

"Ni Adey," alisema Safiyo, lakini alijisemea mwenyewe. Kisha akanigeukia. "Eddo, Adey aliachaje kisima?"

Eddo ni shangazi, na shangazi kazi yake ni hiyo. Nikamwambia: hakupigwa wala hakuvutwa. Alinusa birika tupu mpaka akaridhika mwenyewe kwamba limekauka.

Safiyo akachukua kompyuta yake. Mkaguzi akatazama saa, akasema dereva anataka kutoka adhuhuri, barabara ya Dagahaley si ya kuchezea. Safiyo akaomba nusu saa. Kisha akaniangalia, nami nikaelewa nusu saa hiyo itatoka wapi.

Nikamketisha mkaguzi kwenye kiti changu cha mlangoni. Nikamwagizia chai ya maziwa ya ngamia. Nikamuuliza habari za Mombasa, za mama yake, za baba yake, za ndugu wa mama na wa baba, na kama jirani zake wana amani. Ni adabu ya kwetu, haikatizwi. Alipomaliza kujibu nikaanza kumweleza za kwetu, nikianzia babu wa babu yangu. Alikuwa ananisikiliza vizuri tu mpaka tulipofika kwa babu yangu mwenyewe, ambapo aliuliza kama wamebaki wengi. Nikamwambia sasa ndio tunaingia kwa watu maarufu.

Safiyo aliinuka kabla sijafika kwa baba yangu, na mpaka leo namwona alifanya haraka. Alikuwa ameweka kitufe kidogo kando ya kila pendekezo. Kimeandikwa: KIMEKAUKA. Maana yake, alisema, yeyote akiona Kikumbusho kinampeleka pabaya, abonyeze hapo, nacho kitaacha njia hiyo kwenye tableti zote, hata kama kimeipita mara elfu, na kutanguliza kipande cha kusahihisha. Mashine ikumbuke, lakini msichana ndiye wa kuamua kama kuna maji.

Alimpa Hamdi. Hamdi akaweka "tembea", BATA MAJI akatokea juu kama kawaida yake. Hamdi akabonyeza KIMEKAUKA. Bata akaondoka. Akaweka "tembea" tena. Juu kabisa kukawa na PATA MAJI. Ilhan akajaribu kwenye yake: PATA MAJI. Zote kumi na mbili.

Mkaguzi alisogea. Akauliza kama mtoto anaweza kukataa pendekezo hata kama darasa zima limelikubali. Safiyo akasema anaweza. Akauliza kama chombo kinaonyesha pia njia mbaya ilianzia wapi, ili mwalimu ajue pa kurekebisha. Safiyo akasema kinaonyesha, kila kipande kina siku yake ya kuzaliwa. Akabonyeza. Tableti ya Hamdi, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa nne na dakika kumi asubuhi.

Wote wakamgeukia Hamdi. Hamdi ni mtoto mkweli, jambo ambalo kwa kawaida nalisifu.

"Niliuliza Kiswahili chake," alisema. "Ayeyo pale mlangoni akaniambia. Nikaandika kama alivyosema."

Ayeyo ni bibi. Pale mlangoni alikuwa mmoja tu.

Nilisema haiwezekani. Nilisema p yangu ina cheti. Mkaguzi alikuwa ameshika fomu yake ya ukaguzi, ile ya kuamua, bado haijatiwa sahihi. Akainyanyua kwa ncha za vidole, akaisogeza mbele ya mdomo wangu, kwa heshima zote, kama mwalimu wangu alivyofanya miaka hamsini na ushei iliyopita.

"Sema, bibi. Neno la watoto."

Nikavuta pumzi. Nikakumbuka darasa, nikakumbuka ubao, nikakumbuka hata rangi ya soksi za mwalimu. Nikalisema.

Karatasi ililala.

Nikalisema tena, kwa nguvu. Ililala kama mgonjwa aliyekata tamaa. Kumbe cheti kilibaki kwenye sanduku, p ikatoka, na mimi sikujua ilitoka mwaka gani.

Mkaguzi hakucheka, na kwa hilo namwombea dua. Aliiweka fomu juu ya goti lake, akatia sahihi, akamkabidhi Safiyo nakala. Tableti zikarudi kwenye chaja zao. Gari likaenda Dagahaley bila sanduku, na nasikia aliwaahidi wale wa kule tableti nyingine pamoja na Kikumbusho, lakini chenye kitufe.

Safiyo aliifurahia fomu ile sana, akaiweka mahali salama. Tuliitafuta siku nne. Ilikuwa ndani ya debe la sukari.

Habari zilifika soko la mifugo jioni ile ile, zimeharibika njiani. Kaka yangu aliulizwa na madalali wenzake bei ya bata, na yeye kwa kiburi akawatajia bei. Ogle aliuliza kama chai ina tangawizi, akauliza nani amekufa, halafu, kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini na sita, akaacha funguo akaniuliza, "Eti ni wewe?" Nikampa funguo.

Bado nakaa mlangoni, Jumamosi na Jumapili. Wasichana bado wananiuliza Kiswahili, kwa kuwa ninakijua, na hilo halikubadilika. Ila Hamdi akija siku hizi huja na daftari na kalamu, anaviweka mapajani mwangu kwa mikono miwili, kama anavyostahili kupewa mtu mzima, na kuniambia kwa sauti ya chini wenzake wasisikie:

"Ayeyo, andika. Usiseme."